Maswali ya Mkwe Wangu

Nilikuwa napukuchua mahindi uani kwangu Nangara asubuhi hiyo kifua kilipobana, kama mtu amenikalia. Nikaketi juu ya gunia. Jasho lilinitoka ingawa upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi.

"Ni vidonda vya tumbo," nikamwambia mke wangu. "Nipe maziwa."

Hakuleta maziwa. Alimwita Mama Goodness, mke wa mwanetu Theophil. Yeye ni muuguzi, na alikuwa anajiandaa kwenda kazini.

"Shikamoo baba. Naomba nikushike mkono nipime mapigo."

Nikauficha mkono. Nilivyolelewa, mkwe hamgusi baba wa mume wake. Mimi nilisoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na wajukuu, lakini hilo sikuliacha.

Hakubishana. Alipiga magoti mbali kidogo. "Vidonda hivyo alikupima nani, baba?"

"Nilijipima mwenyewe."

"Na cheti cha udaktari ukajipa," akasema mke wangu.

Mama Goodness hakucheka. "Bonyeza mwenyewe hapo panapouma. Maumivu yanazidi?"

"Hapana."

"Ukivuta pumzi ndefu?"

"Yako vilevile."

"Yanakwenda mahali pengine?"

Sikutaka kusema. Lakini aliuliza kwa adabu mno, nikaona aibu kumdanganya. "Kwenye taya. Na mkono wa kushoto."

Akauliza kama nimewahi kutapika damu, au kama aspirini hunidhuru. Nikakataa yote. Akampa mke wangu kidonge, naye akanipa nikitafune. Kisha akaita bajaji iingie mpaka uani, akapiga simu hospitali.

"Nakuja na mzee, nashuku ni moyo. Andaeni mashine ya kupima moyo."

Niliposimama, akasema, "Baba, usitembee."

Hiyo ilikuwa amri. Nikaketi. Dereva na jirani yetu wakanibeba.

Ndani ya bajaji aliketi kando yangu, mikono mapajani, akitazama kifua changu kinavyopanda na kushuka. Amenichunguza kuanzia tumboni hadi tayani bila kunivunjia heshima, nikawaza, na sasa ni heshima hiyo hiyo inayomfunga mikono. Nikakunja mkono wa shati, nikamnyooshea.

"Pima, mama."

Akanishika, akahesabu kimya mpaka geti la hospitali. Mashine ilionyesha kweli ni moyo, na daktari alisema tumewahi.

Siku hizi akija kunisalimia, huwa nimeshakunja mkono wa shati kabla hajaomba.