Njia Iliyopakwa Kuanzia Juu

Fundi rangi alianza kugeuka nyuma kabla jua halijakausha umande. Hatua kumi mbele, shingo nyuma. Hatua kumi tena, shingo nyuma, kama kuku aliyesikia mwewe. Mkaguzi wa misitu, mama wa makamo mwenye miguu mirefu na subira fupi, alimvumilia kilomita mbili tu.

"Fundi, nani anakufuata? Mkeo?"

"Mke wangu mlima haumpendi, mama."

"Basi tazama mbele. Tuna kilomita ishirini, na mawe haya hayamwombi mtu radhi."

Ilikuwa hivi. Fundi alipewa kazi ya kupaka alama za njano kwenye mawe na miti ya njia ile ndefu, watembeaji wasipotee msituni. Leo kazi inakaguliwa. Ikipita, atapewa njia nyingine tatu, shughuli ya mwaka mzima. Na aliitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji, kwa sababu ni kazi ya chini, miguu ikiwa ardhini. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa ghala. Mbavu zilipona. Ila tangu siku hiyo, akikanyaga kipandio cha tatu tu, magoti hucheza ngoma isiyo na mpigaji. Hakumwambia mtu. Mkewe aliambiwa kwamba kuta siku hizi zimepungua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alijitetea moyoni kwamba yeye hana maradhi, ana ngazi tu.

Sasa, fundi wa kuta hupaka kuanzia juu, ili matone yadondokee pale ambapo bado hapajapakwa. Mkono ukishazoea haumuulizi mwenyewe. Gari lilipompeleka kwenye ofisi ya misitu kule kileleni, kwa barabara ya upande wa pili, alishika ndoo akateremka, jiwe baada ya jiwe, akijisifu njia nzima. Kila alama ikatazama juu. Na watembeaji wa njia ile huanzia chini, wote, isipokuwa ndege.

Aliligundua hilo asubuhi hii ya ukaguzi, dakika tano baada ya kuanza kupanda.

Penye njia panda ya kwanza mkaguzi akasimama. "Alama iko wapi?"

Fundi akampita, akageuka. "Hii hapa, mama."

Mkaguzi naye akalizunguka jiwe. Mstari wa njano, safi, umenyooka kama umepigwa rula. Akaenda kwenye jiwe la pili, akachungulia nyuma yake. La tatu hivyo hivyo.

"Fundi, umewapakia wanaorudi."

"Na wanaorudi ndio waliochoka zaidi, mama."

Hakucheka, ila upande mmoja wa mdomo ulitaka. Akaandika kwenye daftari. "Utarudia, upande wa pili. Hilo ni kosa la mkono, si la kichwa."

Fundi akashusha pumzi, lakini si yote.

Mchana walikula mayai ya kuchemsha juu ya gogo, kila mtu na chumvi yake. Kisha mizizi, kisha mawe yenye ukoga, ambapo fundi aliteleza mara mbili na mkaguzi mara moja, na hiyo moja haikuzungumzwa.

Saa nane wakafika penye mwamba. Ngazi ya chuma imefungwa kwenye jiwe, vipandio ishirini na sita, na hakuna hata tone la njano. Mkaguzi akatafuta, akaziona alama zimekata kushoto, zimeingia kichakani.

"Hizi zinakwenda wapi?"

"Zinazunguka. Zinatokea juu ya mwamba. Nusu saa. Ukiwa na ndoo, saa nzima."

"Ngazi ilikuwepo ulipopita?"

"Ilikuwepo."

"Imara?"

"Imara kabisa. Niliitazama."

"Uliitazama."

Fundi alikuwa na uongo wake tayari tangu alfajiri. "Palikuwa na nyuki, mama..."

"Wamehama?"

Akaitazama ngazi. Hata nzi hakuwepo wa kumsaidia.

"Hawakuwepo. Ni mimi. Nilianguka mwaka jana, magoti hayakubali tena kupanda."

"Fundi rangi anayeogopa ngazi. Ni sawa na mpishi anayeogopa moto."

"Mpishi huyo atakula vibichi, mama. Mimi nina watoto wanne."

Mkaguzi akatia daftari mfukoni, akapanda, haraka, bila kutazama chini. "Pitia kwako," akasema akiwa juu. "Nakungoja."

Fundi alipotokea kichakani, mama wa watu amevua viatu, anaipungia miguu upepo.

"Zile njia tatu, mbili zina ngazi. Hizo nitampa mwingine. Ya tatu ni ndefu, mawe matupu, haina ngazi. Chukua hiyo."

Moja kati ya tatu. Fundi akaipima moyoni, akaona inabebeka. "Ahsante, mama. Na hizi alama za kuzunguka, nizifute?"

"Ziache. Wenye magoti kama yako wapo wengi, hawasemi tu." Akaanza kufunga kamba za viatu. "Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Mwambie leo, kabla yangu. Mimi na yeye tunasukwa na msusi mmoja, na kesho ni zamu yangu."

Zilibaki kilomita saba. Fundi aliziona chache mno.