Nondo Zikiwa Hewani

Usimwamini mtu anayejisifu kwamba halali. Pale kwenye ujenzi wa ghorofa kumi na nne, mwendesha winchi walimwita Bundi, naye akalichukua jina kama sifa. "Usingizi ni wa watoto na wenye mishahara minono," alikuwa akisema, watu wanacheka. Kumbe mwenzao ulikuwa usiku wa kumi na tisa hajapata usingizi wa maana. Tangu mkewe afungashe virago na kuondoka na mabinti wao wawili, nyumba ilikuwa kimya mpaka friji ilimpigia kelele. Alikuwa akilala chali, akijihukumu kwa kila neno baya alilowahi kumwambia mama watoto, na kukikucha anapanda ngazi hadi kibandani mwa winchi, mita hamsini juu ya vichwa vya watu. Angemwambia nani? Mwanamume mzima aseme amekimbiwa? Thubutu! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu kifo chake kingeanza na wenzake.

Saa nne asubuhi mwelekezaji, mtu wa chini anayemwongoza kwa redio, alimwita.

"Bundi, zungusha kushoto."

"Zungusha kushoto." Ndiyo sheria yao: neno hurudiwa kwanza, ndipo mtambo uguswe.

Tani mbili za nondo zikazunguka. Akafumba macho, akafumbua. Basi, hivyo tu!

"Simama! Bundi, simama!"

Akasimamisha. Nondo zilikuwa zimepitiliza, zinaning'inia juu ya mafundi sita waliokuwa wakimwaga zege. Alijua akigusa mtambo tena anaweza kusinzia tena. Angeweza kusingizia tumbo, lakini nani angezitua zile nondo? Na redio ile ilisikiwa na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi msimamizi, mama mmoja mkali waliyembandika jina la Mama Kofia, maana ole wako akukute kichwa wazi.

Akabonyeza kitufe.

"Mama, waondoe watu chini yangu. Nimesinzia. Sijalala tangu mke wangu aondoke."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alingoja kicheko.

"Tokeni hapo wote! Wewe, acha hilo zege, umelizaa wewe?" Mama Kofia alifoka. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, utaongea na mimi mpaka mzigo uguse chini. Umesikia? Zungusha kulia."

"Zungusha kulia."

"Binti mkubwa anapenda nini?"

"Kuchora. Anachora paka wenye miguu sita."

"Sita? Wanakwenda wapi hao? Simama hapo. Shusha, polepole."

"Shusha, polepole." Kope zilikuwa nzito, akajing'ata mdomo mpaka akaonja damu.

"Na mdogo?"

"Mdogo... halali mpaka nimshike mkono." Hapo akashindwa kujizuia. Alilia kwa sauti, redio ikiwa wazi, watu wote wakisikia.

"Lia, baba, lia. Lakini shusha."

"Shusha."

Nondo zikatua kwenye uwanja mtupu, vumbi likatimka. Fundi mmoja akakaa chini palepale.

"Zima mtambo," akasema Mama Kofia. "Kuanzia leo hupandi. Kesho nakupeleka mwenyewe kwa daktari. Kuhusu kazi, sikudanganyi, sijui watasemaje ofisini. Ila umewaokoa watu sita."

"Sawa, mama."

Alikuwa anafungua mlango wa kibanda redio ilipokoroma tena. Alikuwa mwelekezaji.

"Mama, simama yangu ilichelewa. Mlisikia wote. Kesho nipeleke na mimi. Mwenzenu huu ni mwezi wa tatu silali."