Dozi ya Saa Mbili Asubuhi

Mimi nina mdomo, sikatai. Ukiwa fundi cherehani na huna mdomo, wateja watakupanda kichwani. Lakini kwenye dawa za binti yangu sikuwa na mchezo hata kidogo.

Tulimwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa akiongea. Alizaliwa na tezi za juu ya figo zisizofanya kazi. Daktari alitueleza kwamba mwili wake hautengenezi ile homoni inayomsaidia mtu kuhimili ugonjwa, kwa hiyo atameza vidonge kila siku, maisha yake yote. Akishikwa na homa, mpe mara tatu ya dozi. Akitapika dawa, usisubiri: mchome sindano ya paja, kisha hospitali mbio. Niliyakariri hayo kama sala. Miaka sita hatukuruka dozi hata moja, na sindano ilikaa kwenye mkebe juu ya kabati, naikagua kila mwezi.

Jumanne hiyo aliamka mwili unachemka. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa safarini. Saa mbili kamili nikampa vidonge vitatu badala ya kimoja.

"Vichungu, mama."

"Dawa ingekuwa tamu ungeimaliza chupa nzima. Meza."

Akacheka kidogo, akameza. Nikamlaza kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia nguo, ndipo alipopapenda, nikarudi kwenye cherehani na kelele zake. Sare za shule nzima zilikuwa zinanisubiri.

Saa tatu nikainama kumuuliza, "Umetapika?" Akatikisa kichwa. Saa nne nikamuuliza tena. "Hapana, mama," akasema, basi, Kasuku mzima hakuongeza neno. Akasinzia. Nikasema afadhali, apumzike, dawa ifanye kazi. Jamani! Hata cherehani niliiendesha polepole nisimwamshe.

Saa sita nikaenda kumpa maji. Hakuamka. Mikono ya baridi, midomo mikavu. Sindano nilimchoma palepale. Jirani yangu msusi akapiga kelele, mteja wake akatupakia kwenye gari, nywele zimesukwa nusu.

Hospitalini daktari akauliza, "Alitapika?"

"Hapana!" nikamjibu kwa ukali. "Angetapika ningejua."

Walihangaika naye mpaka alasiri. Kisha daktari akatoka, akavua miwani. Nikajua mwanangu ameniacha.

Siku ya nne baada ya kumzika nilikuwa nafagia chumba cha kazi. Gunia la vipande vya vitambaa, lile la chini ya meza ya kukatia, lilikuwa linanuka. Nikaingiza mkono hadi chini, nikatoa kifurushi kilichofungwa fundo kwa uangalifu. Ndani yake vitambaa vilivyokuwa vimelowa matapishi, na katikati, unga mweupe wa vidonge.

Nikakaa sakafuni. Mwezi mmoja nyuma alimwaga chai kwenye gauni la bibi harusi, na mimi nilifoka mpaka msusi akaja kuamua. "Siku nyingine uchafue nguo za watu humu, utanitambua!" Ndivyo nilivyomwambia mtoto wa miaka sita. Basi naye akanisikia. Sare zote nilizoshona siku ile zilikuwa safi, hazina doa.

Mume wangu akanikuta hapo. Siku zote nne alikuwa akiwaambia waliokuja kutupa pole kwamba mke wake hakukosea hata dozi moja.

"Mama Kasuku, utajiua kwa kulia," akasema. "Ulifanya yote aliyosema daktari."

Nikamfungulia kile kifurushi. Akakitazama, akanitazama, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilimuuliza mara mbili," nikasema. "Akaniambia hapana. Baba Kasuku, mtoto aliniogopa mimi kuliko kufa."

Nikasubiri akatae. Nikasubiri sana.

Hakukataa.