Alama Kumi na Tano za Undugu

Verona Tulloch alikuwa na digrii mbili, miaka kumi na minne ya kupima damu za watu katika maabara ya hospitali pale Mandeville, kisiwani kwao, na Kiingereza alichozaliwa nacho lakini akalazimishwa kukifanyia mtihani kama mtoto wa chekechea. Alipoomba ukaazi, Kanada walijumlisha vyote hivyo, wakampa alama, wakampanga na maelfu ya wenzake. Akapungukiwa kumi na moja tu kuwafikia walioitwa. Kumi na moja! Na wiki mbili mbele angetimiza arobaini, wamnyofoe nyingine tano, maana kwa watu wale kuzeeka ni kosa.

Ndipo jicho lake likaangukia swali ambalo mwaka mzima alilijibu bila kulisoma: una ndugu wa damu, hata wa mzazi mmoja, aliyepewa ukaazi Kanada? Alama kumi na tano.

Alikuwa naye. Jacinth Bromfield aliishi Brampton, hukohuko Kanada, mtoto wa nje wa baba yake Verona, marehemu Dikoni Tulloch, shemasi wa kanisa. Mji mzima ulijua, kwani lile paji la uso la Dikoni angelificha wapi? Ila nyumbani kwa akina Verona jina la Jacinth halikutajwa.

"Usimbembeleze huyo," alisema mama yake, Miss Icilda, akichambua mbaazi mezani. "Sema shida yako, kata simu."

"Mama, hebu nyamaza kwanza."

Akaiweka simu kwenye spika, ikapokelewa.

"Jacinth? Ni Verona hapa."

"Verona yupi?" Naye alijua fika.

"Wa Tulloch. Dada yako."

"Ala! Dada yangu!" Jacinth akaangua kicheko. "Ngoja nikae kitako. Tangu lini, dada'ngu?"

"Nimeomba ukaazi huko."

"Habari zako ninazo. Nikawa najiuliza, huyu atanikumbuka lini? Umepungukiwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mimi ni wa kumi na tano. Lo! Kumbe nina thamani, na chenji inabaki!"

"Nataka nakala ya cheti chako cha kuzaliwa tu, Jacinth. Haikupunguzii kitu."

"Muone anavyoringa!" Miss Icilda akafoka. "Kama mama yake vilevile!"

"Huyo ni Miss Icilda?" Jacinth akauliza. "Mwambie shikamoo yake ilishaisha. Haya, cheti nakutumia sasa hivi."

Verona hakuamini masikio yake. Alijiandaa kwa matusi, kwa kukatiwa simu, hata kwa kulia ikibidi. Picha ikaingia. Akaikuza. Jina la mtoto: Jacinth. Jina la mama: Merlene Bromfield. Jina la baba: mstari mtupu.

"Mbona baba hayupo?"

"Yaani wewe ndiye wa kuniuliza?"

Hapo Verona akavuta kiti, akakaa. Aliikumbuka siku ile; alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake alimpa bahasha, akamnong'oneza, "Atakuja binti getini. Mpe mkononi, mama yako asijue." Verona akaifungua. Ilikuwa fomu ya kuingiza jina la baba kwenye cheti, imesainiwa na kugongwa muhuri. Jacinth alipofika na sare yake ya shule, soksi zimevutwa vizuri hadi magotini, aliuliza kwa adabu kama hapo ndipo kwa dada yake. Verona akaichana fomu mbele ya macho yake. "Mimi sina dada. Toka!" Baba alipouliza, akajibu kwamba amempa. Mwezi uliofuata Dikoni akaanguka kanisani, akafa.

"Niliokota vipande," Jacinth alisema, sasa hacheki. "Vinne. Ninavyo. Nikutumie na hivyo, uone kama Kanada watavipa alama?"

"Nilikuwa mtoto, Jacinth."

"Mimi nilikuwa mkubwa?"

"Basi tupime vinasaba. Ndiyo kazi yangu, najua pa kwenda, haichukui siku nyingi. Nakuomba. Damu kidogo tu."

"Damu! Leo ndiyo tumekuwa damu moja? Damu yangu inabaki mwilini mwangu, Verona. Na usinipigie tena."

Simu ikakatika.

"Amekataa, siyo?" Miss Icilda akasonya. "Nilikwambia. Wana roho mbaya wale."

"Nyamaza, mama!" Verona alipiga kelele ambayo hajawahi kumpigia mama yake, mbaazi zikamwagika sakafuni. "Nyamaza! Roho mbaya ni yangu!"

Hakuziokota. Alirudi kwenye kompyuta. Swali lilikuwa palepale likimsubiri: una ndugu Kanada? Jibu alilijua tangu siku ile ya getini. Akabonyeza *Hapana*.