Kiapo cha Bi Mkubwa

Padre Ndevu alipotangaza kwamba wote wanaoishi kwenye ardhi ya misheni wabatizwe, na kila mwanamume abaki na mke mmoja, la sivyo wahame kabla ya mvua, mwashi alirudi nyumbani akakaa kizingitini, mwiko bado mkononi. Wake zake wawili walimwangalia. Habari walikwisha kuipata kisimani.

Kuhama kulikuwa kujipeleka kaburini. Nje ya mpaka wa misheni askari wa serikali walikuwa wakizoa wanaume kwa shokoa, kazi ya kulazimishwa ya kujenga barabara, na wengi hawakurudi hata maiti zao.

Sheria ya padre haikuwa na mlango wa nyuma: mke ni yule aliyeolewa kwanza. Aondoke basi Bi Mdogo, mimba na yote, na watoto wake wawili wabaki, maana walishabatizwa na walilala bwenini kwa masista. Bi Mdogo hakuwa na pa kwenda. Kwao kulichomwa moto wakati wa vita. Akaacha kula, akawa anashinda jikoni akichochea moto usio na chungu.

Bi Mkubwa hakujaliwa kuzaa. Zamani yeye na Bi Mdogo hawakuiva chungu kimoja, hilo halifichiki. Lakini watoto wale aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe, akawalea mgongoni mpaka wakamwita mama kabla ya kumwita hivyo aliyewazaa. Akawaza, akawazua, kisha akamfuata katekista, ambaye ni mdogo wake mwashi, akamwomba amtafsirie mbele ya padre.

Ofisini kulinukia nta na karatasi. Padre hakumpa kiti.

"Mwambie mimi sikuolewa," alisema Bi Mkubwa. "Nilikuja tu, nikakaa."

Katekista akageuka. Yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumposea kaka yake. "Shemeji, unajua unachokisema?"

"Mwambie."

Akatafsiri, macho sakafuni. Padre akasogeza Kitabu, akamtaka aape. Bi Mkubwa hakukiamini Kitabu kile, ila aliuweka mkono juu yake kwa uchungu, kwa kuwa mama yake alikufa akijivunia ndoa ile, na sasa ni kama anamzika upya. Akaapa, na padre akamwandika Bi Mdogo kuwa mke.

Alidhani atajenga kibanda karibu na mpaka, awe anawaona watoto. Hapo alihesabu vibaya. Jumapili padre alimtaja kanisani: mwanamke aliyeishi na mume wa mtu bila ndoa, asipokelewe katika nyumba yoyote ya Mkristo, na watoto wasimsogelee. Mwashi alikuwa amekaa benchi la tatu. Hakuinuka, wala hakukohoa.

Siku ya kuondoka mume alimbebea mkeka hadi mpakani, akautua chini. Bi Mdogo ndiye aliyemshika miguu.

"Dada, wanangu wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie wanaye mama," alisema Bi Mkubwa, akajinasua.

Alikwenda kwa kaka yake, ambako wifi alimpa pembe moja ya ghala na maneno mengi. Akawa anauza kuni.

Mwishoni mwa mvua alikutana na watoto wa bwenini njiani, wamepangwa mstari nyuma ya sista. Yule mdogo wa wale wawili aliowalea alimwona, akachomoka. Dada yake akamdaka shati.

"Tumekatazwa," alimwambia, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa sauti ya mtoto anayesema somo alilofundishwa.

Bi Mkubwa alitua mzigo wake wa kuni, akageuzia uso porini wasije wakapigwa kwa ajili yake. Alisikia nyayo zao zikipita, na kilio cha yule mdogo kikififia kwenye kona. Walipokwisha kupotea alijaribu kujitwisha mzigo. Haukumwinukia. Akakaa chini kando ya njia, na hakuna aliyepita aliyemsalimu.