Dume wa Kumi na Moja

Pale maabara walimwita Baba Panya, na jina hilo lilimchoma kuliko walivyodhani. Panya weupe thelathini, wote madume, walikuwa chini ya mkono wake. Aliwalisha, akawabadilishia maranda ya mbao vizimbani, na kila asubuhi akawanywesha dawa mmoja mmoja kwa bomba la sindano. Nyumbani hakuwa baba wa mtu. Ndoa ilikuwa na miaka sita, na kitanda cha mtoto alichokinunua kwa pupa mwaka wa kwanza sasa kilirundikiwa nguo za kupiga pasi.

Mkewe alikwisha kwenda hospitali mara tatu, akapimwa kila kinachopimika, akaambiwa hana tatizo. Mara ya tatu alirudi na karatasi ya mumewe: naye aje apimwe mbegu. Baba Panya aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati, na shati likienda kufuliwa aliihamishia jingine. Karatasi ilikuwa na umri wa miezi minane. Kila wiki alikuwa na udhuru mpya, na zote zilikuwa nzuri. Ukweli ni kwamba aliogopa. Anayeshinda kutwa akiona mbegu za madume zikihesabiwa chini ya darubini anajua kwamba jibu linaweza kuwa sifuri.

Ndipo ukaja utafiti wa mizizi. Daktari, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alileta chupa tatu kubwa, moja yenye kifuniko chekundu, moja cha kijani, moja cheupe, kila moja kwa ajili ya madume kumi. Mbili zilikuwa na maji ya mizizi ya miti tofauti, ya tatu maji matupu yaliyotiwa rangi. Ipi ni ipi, jibu lilikuwa ndani ya bahasha iliyogundishwa.

"Usijue wewe, nisijue mimi," alisema Daktari. "Ukijua, mkono wako utapendelea."

Mkono haukujua, lakini macho hayana pazia. Wiki ya nne madume waliwekewa majike. Wale wa kifuniko cha kijani na cheupe walifanya mambo yao kwa adabu. Wale wa kifuniko chekundu, Mungu apishe mbali, hawakujua asubuhi wala mchana. Dume mmoja mwenye sikio lililokatika alimfukuza jike mpaka wakapindua bakuli la maji, na jike alipomponyoka, akalipanda bakuli. Baba Panya alisimama na ufagio mkononi, akasema moyoni kwamba Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa hiyo alijaza kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi kutoka kwenye ile chupa ya kifuniko chekundu, akakificha kabatini nyumbani, nyuma ya kopo la sukari. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na kila Ijumaa kichupa kipya. Wiki ya tatu ya kunywa alikuwa mtu mwingine. Alipanda ngazi mbili mbili, aliimba bafuni, na mkewe alianza kujipaka manukato hata siku za kazi.

Kisha majike wakazaa. Baba Panya alianza kukagua safu ya kijani, akakuta vitoto vyekundu vimejaa kwenye maranda. Safu nyeupe, hivyo hivyo. Akafika safu nyekundu. Kizimba cha kwanza hakuna kitu, cha pili hakuna kitu. Kufikia cha kumi alikuwa amepiga magoti anafukua maranda kwa vidole, majike wakimtazama huku wanatafuna. Hakukuwa na kitoto hata kimoja.

Daktari alifungua bahasha, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akatabasamu. "Ndiyo hii. Hamu juu, mbegu hakuna. Miaka minne natafuta dawa ya wanaume ya kuzuia mimba."

"Na zinarudi?" aliuliza Baba Panya.

"Nini?"

"Mbegu, Daktari. Dume akiacha kunywa."

"Sijui bado. Hiyo ni kazi ya mwaka ujao." Akaiinua ile chupa dirishani. "Ila hapa nilipima dawa ya madume kumi. Hesabu yangu inasema kuna dume wa kumi na moja, tena mnywaji."

Baba Panya aliangalia viatu vyake. "Ni mimi, Daktari."

Daktari hakupiga kelele. Alivuta daftari, akamwuliza anakunywa kiasi gani na tangu lini. Kisha akataka kujua mbegu zake zilikuwaje kabla hajaanza.

"Sijawahi kupimwa."

Daftari likafungwa. "Basi hata kwa utafiti hufai. Asiyepimwa mwanzo hawezi kujua amepoteza nini. Kesho utakuta barua ya onyo mezani. Sasa nenda ukamwambie mkeo."

Alimkuta anapiga pasi. Akaeleza yote, mizizi, panya, vizimba vitupu. Alipofika kwenye kichupa, pasi ilisimama hewani.

"Kile cha nyuma ya sukari?"

"Ulikiona?"

"Hilo kabati ni la nani, mume wangu? Siku ya pili tu nilionja, ulimi ukafa ganzi. Nikamwaga, nikakuwekea chai ya rangi iliyolala. Kila Ijumaa unaleta, kila Ijumaa namwaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Baba Panya alipiga hesabu haraka: vijiko viwili, labda vitatu, vingine vyote chai. Akashusha pumzi. Kisha kitu kikamkereketa. "Na zile nguvu?"

"Zilikuwa zako," alisema mkewe, akacheka mpaka akakaa juu ya nguo, naye akacheka pamoja naye. Mke ndiye aliyeacha kwanza. Aliweka mkono ukingoni mwa kile kitanda kidogo.

"Lakini mtoto bado hatuna, na si kwa sababu ya dawa. Mimi nimekwenda mara tatu, peke yangu, nikirudi unaniuliza chakula kiko wapi. Mficha uchi hazai, bwana."

Hakupandisha sauti. Baba Panya aliona aibu ya kweli. Kila dume wake alimjua kwa sikio na mkia, lakini hakuwahi kumwuliza mkewe hizo siku za hospitali zilikuwaje.

Asubuhi yake walikuwa kwenye dirisha la maabara ya hospitali. Karatasi ilitoka mfukoni imechanika kwenye mikunjo yote. Mhudumu aliisoma, akaandika namba kwenye kikopo, akakisukuma chini ya kioo. Kilikuwa na kifuniko chekundu.

"Samahani, dada," alisema Baba Panya. "Hamna chenye kifuniko cheupe?"

"Vyote ni sawa, baba."

"Najua. Nakuomba tu."

Mhudumu aliwatazama watu waliopanga foleni nyuma yake, akainama, akatoa cheupe. Mkewe alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Akamsindikiza hadi mlangoni mwa chumba cha vipimo kwa kumshika mkono, akamwachia, akaenda kukaa kumngoja kwenye benchi lile lile alilolikalia mara tatu bila mtu wa kumngoja yeye.