Mama wa Juu, Mama wa Chini

Kila asubuhi mlinzi wa lifti aliingiza vidole kwenye ufa wa milango ya chuma, akaivuta huku na huku mpaka ikaachana, akapangusa kioo cha ndani kwa kitambaa, kisha akaketi kwenye kigoda chake kusubiri abiria. Abiria hawakuwapo. Lifti ilikuwa imekufa tangu mvua za mwaka juzi. Ilifia chini, na hapo chini ndipo ilipobaki. Msimamizi wa jengo, badala ya kuleta fundi wa kuitengeneza, alileta mtu wa kuilinda, akamshonea sare ya bluu yenye vifungo vinavyong'aa, ili mgeni akiingia aone kwamba jengo lina lifti na lifti ina mwenyewe. Wapangaji wakampachika jina la Kapteni. Naye, kwa kuwa siku ya kwanza alifundishwa maneno ya kusema na hakuna aliyekuja kumwambia ayaache, alimuuliza kila aliyepita mbele yake, "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano," mchoraji aliyeishi huko na mama yake alikuwa akimjibu, kisha anageuka na kuzishika ngazi.

Si ngazi zilizomchemsha damu. Miguu yake ilikuwa mizima, na hasira ilimsaidia kupanda. Kilichomkaba rohoni ni mama yake, aliyekuwa juu kule, magoti yamegoma, hajakanyaga ardhi tangu lifti ife. Majirani walijaribu kumteremsha mara moja akiwa ameketi kitini. Walipofika kwenye kona ya ghorofa ya tatu mmoja wao akateleza, kiti kikainama, na mama akayaona mauti kwa macho yake. Aliporudishwa chumbani alitangaza uamuzi wake mbele ya wote: "Sibebwi tena kama kabati." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulizungumzia tena.

Mama huyo alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, na huyo mdogo alikuwa na moyo mbovu. Mama mdogo aliweza kufika hadi mlango wa jengo, lakini daktari alikuwa amemkataza ngazi za aina yoyote. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, wanaoishi mitaa miwili tu mbali, mmoja hakuweza kushuka na mwingine hakuweza kupanda. Simu ilijaribiwa. Mama alishikishwa simu ya picha, akaonyeshwa tundu moja la pua la mdogo wake, kisha paji la uso, kisha dari. Akairudisha.

Ni Kapteni aliyegundua njia. Juu ya paa la lifti kulikuwa na kidirisha cha mafundi kilichoachwa wazi, na sauti ikitoka ndani ya lifti ilipanda na shimo mpaka juu, haina kizuizi. Basi kila Jumamosi alimwachia mama mdogo kigoda chake ndani ya lifti, naye mama akaweka kiti chake kwenye ukumbi wa ghorofa ya tano, akatega sikio kwenye ufa wa milango. Wakaongea. Wenyewe walikuwa wamezoea. Mchoraji hakuzoea hata kidogo. Kila alipomwona mama yake ameinama kwenye ule ufa, alitamani kuvunja kitu.

Hakuvunja. Alichora maziwa. Maziwa matulivu yenye maua yanayoelea, ambayo mahoteli yaliyanunua na kuyatundika juu ya vitanda. Alikuwa na mkono mzuri na alijua hivyo, lakini kwa miezi mingi kila alipoanza picha mpya alipiga miayo kabla ya kumaliza maji.

Jumamosi moja msimamizi alimngoja nje ya jengo kwa tabasamu lililomtia wasiwasi.

"Dada, nina kazi nzuri ya kukupa," alisema. "Mwenye jengo analeta wageni mwezi ujao. Watu wazito. Nataka unichoree milango ya lifti, kutoka chini mpaka juu. Yale maziwa yako, na maua."

"Lifti haifanyi kazi, bwana."

"Ndiyo maana nataka ipendeze."

Mchoraji alimtazama, akitafuta usoni pake dalili ya utani. Hakuiona.

"Mama yangu amefungiwa juu karibu miaka miwili," alisema.

"Na mimi mama namheshimu sana. Akiyaona maua atafarijika."

Jibu alilokuwa nalo halisemwi barabarani. Aliingia, akamsalimu mama mdogo aliyekuwa ameketi ndani ya lifti na mkoba mapajani, akaanza kupanda huku akimtukana msimamizi kimoyomoyo, yeye na mwenye jengo. Maua! Mtu anakuvunjia mguu, halafu anakuletea kitambaa cha kufunika meza.

Alipofika ghorofa ya kwanza alisimama. Mwalimu mstaafu alikuwa kwenye milango ya lifti, mswaki mdomoni, sikio kwenye ufa. Alimpa mchoraji ishara ya kunyamaza. Ghorofa ya pili mshonaji alikuwa amesimama vivyo hivyo, pini zimebanwa midomoni, gauni la mtu begani. Ghorofa ya tatu na ya nne hali ilikuwa ile ile: wapangaji wameganda kwenye milango ya chuma kama watu wanaosikiliza matokeo ya mpira.

"Mtungi ulivunja wewe," sauti ya mama ilishuka na shimo. "Ukasema ni mbuzi."

"Mbuzi alikuwapo, dada."

"Alikuwapo amefungwa. Nikachapwa mimi."

"Mama wa chini, pumzika kidogo, usiheme," Kapteni alisikika akiamua. "Mama wa juu, zamu bado ni yako. Huyo mbuzi alifungwa na nani?"

"Nami nauliza hilo hilo," mwalimu alidakia kutoka kwenye ufa wake, povu la mswaki likimtoka, na jengo zima likaangua kicheko ndani ya shimo.

Mchoraji alicheka naye. Alicheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko alihisi hasira yake iko pale pale, haijapungua hata chembe, ila sasa ina macho. Aliwaona. Kwa miezi yote ile alikuwa akipita hapa akitazama ngazi. Hapa palikuwa na watu wazima waliogeuza shimo bovu kuwa baraza, na mtu mwenye sare aliyepewa kazi isiyo na maana akaifanya kuwa na maana, na yeye, mwenye mkono wa kuchora, yuko chumbani anapaka maji rangi ya kijani.

Juu alimkuta mama yake anajifuta machozi ya kucheka.

"Sauti yake naipata, mwanangu," mama alisema akiendelea kuutazama ule ufa. "Uso ndio sina. Nimeanza kuusahau. Nikifumba macho namwona akiwa mtoto."

Kesho yake mchoraji alimwambia msimamizi kwamba kazi ameikubali.

Hakuchora ua hata moja. Kwenye milango ya juu alichora uso wa mama mdogo, mkubwa, kutoka ukingo mpaka ukingo, na ufa akaupitisha katikati ya midomo, ili sauti itakapotoka itoke mahali pake. Kwenye milango ya chini aliuchora uso wa mama, kwa namna hiyo hiyo. Katikati akawaweka waliosikiliza: mwalimu na mswaki wake, mshonaji na pini zake, na wengine, kila mmoja kwenye ghorofa yake. Hakumpendezesha mtu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alisahau kula.

Picha ya juu ilipokauka alimletea mama kiti chake. Mama aliutazama ule uso, mikono mapajani.

"Amekonda hivi?" hatimaye aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na nyote mlikuwa mnaniambia hajambo."

Mama alinyoosha mkono akagusa shavu la mdogo wake kwenye chuma, akauacha hapo. Tangu siku hiyo hakuutegea tena ufa sikio. Alikaa mbele ya ule uso akiongea nao, na chini kule mama mdogo, ambaye sasa kigoda chake kiliwekwa nje ya milango, akawa anamjibu dada yake ana kwa ana.

Msimamizi alipoziona picha alishika kichwa. Alimfokea mchoraji, akamtishia kumtoa nyumbani, akaapa kuleta ndoo ya rangi nyeupe. Lakini wageni waliwahi kufika kabla ya ndoo. Mwenye jengo, mzee mnene aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alisimama mbele ya milango ya chini mpaka wageni wakaanza kutazamana. Kisha alitaka kuona ya juu. Alizipanda ngazi zote, akatua kila ghorofa kupumua na kushangaa, na aliporudi chini msimamizi alikuwa ameshaanza kumweleza mgeni mmoja jinsi alivyolibuni wazo hilo yeye mwenyewe.

Basi ikawa shughuli. Watu walikuja kupiga picha, kwanza wachache, kisha kwa makundi. Mwenye jumba moja la maonyesho alikuja na kumwambia mchoraji maneno ambayo alikuwa ameyangoja tangu ujana wake. Walipanda ngazi wakisifu jinsi hali hii ilivyo ya ajabu, inavyogusa, na hakuna aliyeuliza kwa nini anapanda ngazi. Siku moja kijana mwenye kamera alimkuta mama amekaa mahali pake.

"Bibi, samahani, sogea kidogo. Unaziba."

Mama alimgeukia bintiye. Na mchoraji, ambaye mwenye jumba la maonyesho alikuwa amesimama kando yake, alijisikia akisema, "Sogea kidogo, mama."

Mama akasogeza kiti. Hakulalamika. Lau angelalamika, pengine mchoraji angelala vizuri wiki ile.

Jumamosi iliyofuata Kapteni alipanda ngazi. Hakuwa na kawaida ya kupanda, na alifika juu kofia mkononi.

"Fundi alikuja," alisema. "Wale wageni wazito wa kwanza ndio waliodai aletwe. Ameikagua mashine, anasema inapona. Ila milango imepinda, yote. Lazima ikatwe itolewe, ifungwe mipya."

"Anaanza lini?"

"Haanzi. Mwenye jengo amekataza milango isiguswe. Anasema lifti ziko kila mahali, milango kama hii iko hapa tu." Kapteni aliishusha sauti. "Fundi yuko chini anafunga vyombo vyake."

Mchoraji aliupiga ukuta kofi. Miaka miwili walikosa lifti kwa sababu hakuna aliyejali. Sasa wataikosa kwa sababu watu wanajali, na wanachokijali ni yeye. Alitaka kumlaani mwenye jengo, lakini aliacha, maana aliyeyasema maneno "sogea kidogo, mama" hakuwa mwenye jengo.

"Lifti ikipona wewe hutakuwa na kazi," alimwambia Kapteni.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimeshakwambia." Akavaa kofia yake. "Mama wa chini Jumamosi iliyopita alishindwa kumaliza maneno. Nilimshika mimi asianguke."

Mchoraji aliingia ndani, akatoa kopo la dawa ya kuondolea rangi na vyuma viwili vya kukwangulia. Kimoja alimpa Kapteni.

"Anza chini," alisema. "Mwambie fundi asiondoke. Mwambie picha hazipo."

Alipaka dawa kwenye paji la uso wa mama mdogo. Rangi ilivimba, ikakunjamana. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua hatafanya nyingine kama hiyo upesi, labda kamwe. Aliposikia kiti kikiburutwa nyuma yake hakugeuka.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Fundi anataka kutoa milango, mama. Wanaizuia kwa ajili ya picha."

Mchoraji alingoja lawama, na akajua kwamba lawama ya aina yoyote ingekuwa haki yake: kwa kumpa uso wa ndugu yake, na kwa kumnyang'anya.

"Picha ni nzuri," mama alisema. "Lakini haijawahi kunishika mkono. Nipe hicho chuma. Wewe paka dawa."

Wakafanya kazi bega kwa bega, mmoja amesimama na mwingine amekaa. Mama alikwangua polepole, kwa uangalifu, kutoka kwenye shavu kuelekea mdomoni, vipande vya rangi vikimwangukia kwenye khanga. Kutoka chini ya shimo zilipanda kelele: nyundo ya fundi, msimamizi akipiga ukelele, mwalimu akimwambia msimamizi anyamaze, na milango mingine ya katikati ikianza nayo kukwanguliwa na wenyewe. Kisha zote zikazidiwa na sauti moja nyembamba, yenye kuhema.

"Dada? Kuna nini huko? Wanakuharibu uso huku chini."

Mama alisogeza mdomo kwenye ufa.

"Waache," alijibu. "Nakuja." Kisha akaendelea kukwangua.